Mwenza wako yuko Uingereza: uende kwa matembezi, kwa uchumba, kwa ndoa, au ubadilishe viza hukohuko?

Wengi waliooana na Mwingereza, au na Mkenya, Mtanzania ama Mganda mwenye makazi ya kudumu Uingereza, huanza na swali moja: nikishafika kwa viza ya matembezi, si nitaongeza muda nikae na mume wangu? Jibu ni hapana, na heri ulijue ungali Nairobi, Dar es Salaam au Kampala. Viza ya matembezi inampa mtu miezi 6 kwa safari moja. Aliyepewa pungufu ya hapo anaweza kuomba itimie 6. Kupita miezi hiyo wanaruhusiwa wachache tu, kama mgonjwa aliye katikati ya matibabu anayoyalipia mwenyewe. Ndoa haimo katika sababu hizo, na viza ya matembezi haigeuzwi kuwa ya ndoa ukiwa ndani ya nchi.

Nitalinganisha njia zilizopo kwa mtu ambaye mwenza wake ni raia wa Uingereza au ana makazi ya kudumu huko. Msimamo wangu nauweka wazi tangu hapa: kwa wanandoa wengi, viza ya ndoa inayoombwa kutoka nyumbani ndiyo bora, hata kama inadai mtengane kwa miezi kadhaa. Ada ninazozitaja ni zile zilizokuwa zikitozwa Aprili 2025. Hupandishwa karibu kila mwaka, kwa hiyo siku ya kulipa tazama bei kwenye tovuti ya serikali, gov.uk.

Kama mwenza wako yuko huko kwa viza ya kazi au ya masomo, makala hii haikuhusu moja kwa moja. Wewe unaingia kama mtegemezi wake, na mlango huo umebanwa sana. Wahudumu wa wazee na wagonjwa walioajiriwa kutoka nje tangu Machi 2024 hawaruhusiwi kuja na familia, na tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wamezuiwa pia, isipokuwa wale wa utafiti wa ngazi za juu na wachache wenye ufadhili wa serikali. Najua hilo limezitenganisha nyumba nyingi za kwetu.

Matembezi: rahisi, lakini ni kuonana tu

Sifa ya viza hii ni bei. Ya miezi 6 ni pauni 127, ya miaka 2 ni pauni 475. Miaka hiyo 2 isikuchanganye: unaweza kuingia mara nyingi, lakini kila safari mwisho wake ni miezi 6 ileile. Na ukitoka leo ukarudi baada ya wiki tatu, ukafanya hivyo tena na tena, ofisa wa mpakani ana haki ya kuona kwamba umehamia kimyakimya, akakurudisha.

Mke kumtembelea mumewe si kosa, wala mume kumtembelea mkewe. Andika kwenye fomu kwamba umeoa au umeolewa na mwenza wako anaishi Leicester au Reading. Kuna watu hushauriana kuificha ndoa ili viza itoke. Huo ni udanganyifu kwenye maombi, na unaweza kumfungia mtu viza za matembezi kwa miaka 10. Kinachosaidia ni kuonyesha kinachokurudisha nyumbani: barua ya mwajiri yenye tarehe ya kurudi kazini, leseni ya biashara, watoto walioko shule.

Ukiwa mgeni wa matembezi huruhusiwi kufanya kazi ya kulipwa huko, hata kulea mtoto wa jirani kwa malipo. Jambo linalowaumiza wengi zaidi ni hospitali. Mgeni hajalipa ada ya afya, ile inayolipwa pamoja na viza za muda mrefu, kwa hiyo akitibiwa hospitali za umma, yaani za NHS, nchini England hudaiwa asilimia 150 ya gharama. Mke akienda kwa matembezi akiwa na mimba, hospitali haitamkataa wala kumchelewesha uchungu ukianza, maana huduma ya uzazi huhesabiwa kuwa ya lazima papo hapo. Bili itakuja baadaye, na deni la NHS la pauni 500 au zaidi lisilolipwa linaweza kuwa sababu ya kunyimwa viza siku za mbele, ikiwemo hii ya ndoa mnayoitegemea.

Wapo wanaokwenda kujifungulia huko wakiamini ndipo mtoto atapata uraia. Mara nyingi safari hiyo haina haja. Mzazi Mwingereza aliyezaliwa huko, au aliyepewa uraia huko kwa tajnisi, humpa mtoto uraia hata akizaliwa Mombasa au Arusha. Shida huwapata wale ambao mzazi Mwingereza naye alizaliwa nje, akaupata uraia wake kwa kurithi. Hao wapate ushauri mapema.

Matembezi yana faida yake kama mnangoja kitu, kwa mfano mume ameanza kazi mpya na hajatimiza miezi 6 ya mshahara. Mke aende, waonane, arudi, kisha maombi yenyewe yafanywe kutoka nyumbani.

Uchumba au ndoa?

Hapa ndipo watu hupoteza pesa nyingi bila kujua. Viza ya uchumba inakupa miezi 6 ya kuingia, kufunga ndoa, kisha kuomba viza ya mwenza ukiwa ndani. Viza ya ndoa unaiomba ukiwa umeshaoa au kuolewa. Zote mbili zinadai masharti yaleyale ya kipato, Kiingereza na uthibitisho kwamba uhusiano ni wa kweli, na ada ya maombi ni ileile. Nimeweka na safu ya tatu, ya anayebadili viza akiwa ndani, kwa sababu nitaifikia muda si mrefu.

| | Uchumba | Ndoa, kutoka nyumbani | Kubadili ukiwa ndani |
|---|---|---|---|
| Ada ya maombi | pauni 1,938 | pauni 1,938 | pauni 1,321 |
| Ada ya afya | hakuna | pauni 3,105 | pauni 2,587.50 |
| Muda unaopewa | miezi 6 | miezi 33 | miezi 30 |
| Ruhusa ya kazi | hapana | ndiyo | ndiyo |
| Muda unahesabiwa katika miaka 5 ya kufikia makazi ya kudumu? | bado | ndiyo | ndiyo |

Ukiangalia safu ya kwanza pekee, uchumba unaonekana nafuu kwa pauni elfu tatu na zaidi. Lakini mchumba akishafunga ndoa analazimika kuhamia safu ya tatu. Jumlisha: 1,938, na 1,321, na 2,587.50, unapata pauni 5,846.50. Aliyeomba viza ya ndoa moja kwa moja amelipa pauni 5,043 kwa muda mrefu zaidi, na siku aliyoshuka Heathrow aliweza kuanza kutafuta kazi. Mchumba atakaa miezi bila kuruhusiwa kuingiza hata pauni moja, na muda huo hauhesabiwi katika miaka 5 inayoelekea makazi ya kudumu.

Nikipewa nafasi ya kuwashauri wawili ambao hawajaoana, nitawaambia wafunge ndoa nyumbani. Kenya, chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, ndoa ya serikali inahitaji notisi ya siku 21 kwa msajili. Tanzania nayo, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, notisi ni siku 21. Mwenza Mwingereza apange likizo, aje na hati ya kuonyesha hana kizuizi cha ndoa, ndoa ifungwe, arudi na nakala ya cheti. Jamaa wa pande zote wanakuwepo, mahari inatolewa ana kwa ana, na picha za siku hiyo zinaingia kwenye faili la viza.

Viza ya uchumba naiona inafaa pale ndoa haiwezi kufungwa nyumbani: mwenza Mwingereza anaumwa na hawezi kusafiri, au wawili hao ni wa jinsia moja na sheria ya kwao haiwatambui. Kuna pia viza ya kwenda kufunga ndoa tu na kurudi, kwa bei ya matembezi. Hiyo nayo haibadilishwi ukiwa ndani, kwa hiyo baada ya sherehe utapanda ndege kurudi kuomba upya.

Kwa ndugu zangu Waislamu: nikaha iliyofungwa Zanzibar, Tanga au Lamu na kusajiliwa kwa sheria ya nchi inatambuliwa Uingereza kama ndoa kamili, ila ambatanisha cheti chenyewe cha usajili. Nikaha iliyofungwa Birmingham sebuleni kwa shangazi bila kusajiliwa si ndoa mbele ya sheria ya England. Mchumba aliyeingia kwa miezi 6 akafunga nikaha ya namna hiyo pekee hajatimiza alichojia. Na aliyewahi kuachika aje na hati ya talaka ya mahakama. Talaka ya mdomo, hata kama mji mzima unaijua, ofisa haioni popote.

Pauni 29,000

Njia zote tatu za kwenye jedwali zinapita hapa. Tangu 11 Aprili 2024 kipato kinachodaiwa kwa mwaka ni pauni 29,000, kutoka 18,600 iliyodumu tangu 2012. Idadi ya watoto haikiongezi. Mshahara unaonyeshwa kwa hati za mshahara za miezi 6 kama mwenza hajabadili mwajiri, pamoja na taarifa za benki za miezi hiyohiyo zinazoonyesha kila mshahara ukiingia kwa kiasi kilekile kilichoandikwa kwenye hati. Aliyebadili mwajiri ndani ya miezi hiyo 6 anaulizwa alichopata kwa miezi 12.

Hapa njia zinatofautiana kwa jambo kubwa. Ukiomba ukiwa nje, mshahara wako wa Nairobi hauhesabiwi hata ungekuwa mkurugenzi, maana utauacha. Kinachotazamwa ni kazi ya mwenza aliyeko Uingereza. Ukiomba ukiwa ndani na unafanya kazi kwa ruhusa, mishahara yenu wote wawili inajumlishwa. Mume mwenye pauni 22,000 na mke mwanafunzi anayepata pauni 8,000 kwa saa zake za halali wamevuka. Wanandoa haohao, mke akiwa nyumbani, wameanguka.

Upungufu unaweza kuzibwa kwa akiba iliyokaa mikononi mwenu miezi 6. Pauni 16,000 za kwanza hazihesabiwi, na kinachozidi hapo kinagawanywa kwa 2.5. Tuchukue mume anayelipwa pauni 25,000. Amepungukiwa 4,000, kwa hiyo wanahitaji 10,000 juu ya zile 16,000, jumla pauni 26,000. Asiye na mshahara kabisa anahitaji pauni 88,500. Akiba yako wewe uliyeko nyumbani inakubalika pia, mradi iwe fedha taslimu benki. Kiwanja cha Kibaha hakihesabiwi mpaka kiuzwe na fedha ziingie kwenye akaunti.

Kama mwenza anapokea posho fulani za ulemavu au ya kumtunza mlemavu, hadaiwi pauni 29,000. Anaonyesha tu kwamba mtajitosheleza bila msaada zaidi wa serikali. Wengi wenye haki hiyo hawaijui, wakakaa miaka wakiamini hawawezi kumleta mwenza.

Walioko huko tayari kwa masomo au kazi

Mwanafunzi wa Manchester aliyepata mchumba akafunga naye ndoa ana nafasi ambayo mtalii hana. Ruhusa yake ya kukaa ilizidi miezi 6, kwa hiyo anaweza kubadili kuwa mwenza bila kurudi nyumbani. Analipa pauni 3,908.50 kwa miezi 30, hahitaji kipimo cha kifua kikuu, na shahada yake ya huko inamaliza suala la Kiingereza. Wa nyumbani anapaswa kupima kifua kikuu kwenye kituo kilichoidhinishwa na kufanya mtihani wa kuzungumza na kusikiliza Kiingereza wa ngazi ya A1, ya chini kabisa. Kenya, Uganda na Tanzania hazimo kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake husamehewa mtihani huo. Mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza, ya Nairobi, Makerere au Dar es Salaam, anaweza kuithibitisha kupitia Ecctis, shirika la Uingereza linalokagua vyeti vya nje, badala ya kukaa kwenye mtihani.

Kwa mwanafunzi basi, kubadili ukiwa ndani ndiyo njia ya kuchagua, alimradi maombi yapelekwe kabla viza ya masomo haijaisha. Kwa mfanyakazi mwenye viza ya ujuzi sina haraka hivyo. Ana njia yake mwenyewe ya kufikia makazi ya kudumu, na miaka yake ya kazi haiunganishwi na ya ndoa. Mwenye miaka 4 kazini akibadili leo anaanza kuhesabu upya. Avumilie, isipokuwa kama kazi yenyewe inayumba.

Wote wanaosubiri jibu wakiwa ndani wanabanwa na jambo moja: kusafiri. Ukitoka nchini kabla ya uamuzi, maombi yanahesabika umeyafuta na ada ya maombi imeondoka. Simu ikija kwamba mzazi amefariki Kisumu, unachagua kati ya mazishi na maombi ya pauni elfu tatu na mia tisa. Muda unaotajwa wa kungoja ni wiki 8 kwa walioko ndani na wiki 12 kwa walioko nje. Wa nje hutengana na mwenza, lakini yuko kwa watu wake. Mwenye mgonjwa mahututi nyumbani alifikirie hilo kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma.

Kuzidisha muda na njia ya miaka 10

Utasikia: kaa tu, ndoa itakuokoa. Kuna kifungu kinachomruhusu asiyetimiza masharti kubaki na mwenza Mwingereza kama kuishi pamoja nje ya Uingereza kuna vikwazo visivyovukika. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Agyarko, ilithibitisha kwamba kipimo hicho ni kigumu. Kwamba mwenza ni raia, anaishi Uingereza na ana kazi huko hakukutosha. Penye mtoto Mwingereza hali inaweza kuwa tofauti, kwa kuwa sheria inamtazama mtoto kwanza.

Anayefanikiwa anawekwa kwenye njia ya miaka 10 ya kufikia makazi ya kudumu. Atalipa vipindi vinne vya miezi 30, kila kimoja pauni 3,908.50 kwa ada za 2025, yaani pauni 15,634 kabla ya ada ya makazi ya kudumu yenyewe. Mwenye viza ya ndoa ya kawaida analipa vipindi viwili. Njia hii ni ya dharura ya kweli, na mtu aliyeko nyumbani asiipange kabisa.

Mengine ya kupima kabla ya kulipa

Mwenye viza ya mwenza akipigwa au kunyanyaswa na ndoa ikavunjika kwa sababu hiyo, anaweza kujiombea makazi ya kudumu peke yake, na kupata ruhusa ya muda ya kuomba msaada wa serikali wakati anajipanga. Mwenye viza ya uchumba hana njia hiyo. Wa matembezi naye hana. Nimeliweka hapa kwa dada zangu hasa, kwa sababu mwanaume akisema "njoo kwanza kwa uchumba, mengine tutayaona huko", tofauti ya ulinzi ni kubwa kuliko tofauti ya ada.

Kwenye makaratasi, anza na majina. Cheti cha ndoa kinasema Mwanaisha, pasipoti inasema Aisha, M-Pesa imesajiliwa kwa jina la baba mbele. Kwetu wote tunajua ni mtu mmoja. Ofisa wa Sheffield hajui, na anasoma faili bila kukupigia simu. Sahihisha, au weka kiapo cha kisheria kinachoeleza majina yote. Taarifa za M-Pesa za matumizi aliyokutumia mwenza ni ushahidi mzuri wa ndoa inayoishi, pengine kuliko picha hamsini za siku ya harusi. Cheti kilicho kwa Kiswahili peke yake kifanyiwe tafsiri iliyothibitishwa. Hati za mshahara na za benki zisiwe zimepita siku 28 kufikia tarehe ya maombi, na tarehe hiyo ni siku mliyolipa mtandaoni, si siku ya alama za vidole.

Anayechukua pesa kukushauri kuhusu viza ya Uingereza akiwa huko Uingereza lazima awe wakili au awe amesajiliwa na Immigration Advice Authority, mamlaka inayosimamia washauri wa uhamiaji, iliyokuwa ikiitwa OISC hadi Januari 2025. Kufanya kazi hiyo bila usajili ni jinai. Rejista yao iko wazi mtandaoni: muulize mshauri jina lake kamili, litafute mwenyewe, na kama halipo usimtumie hata shilingi.